Habari mbaya ifike mapema: mwongozo kamili wa kujenga imani ya watumishi katika wodi iliyoelemewa

Nilipokuwa inchaji wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya, mkunga mmoja alimchoma mama wa kitanda cha nne sindano ya ampisilini iliyoandikwa kwa mama wa kitanda cha tano. Ilikuwa naiti yake ya tano mfululizo. Walikuwa wawili tu, na leba imejaa. Mama hakudhurika. Mimi nilikuja kujua siku ya nne, nilipohesabu vichupa na daftari likakataa kulingana. Nikamwita pembeni, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Sista, mwenzangu alisema mwaka jana. Akaandikiwa barua."

Aliyeiandika barua ile ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipima imani ya wodi kwa kitu kimoja: habari mbaya inachukua muda gani kufika mezani kwa kiongozi. Mahali penye imani, kosa la saa tisa usiku linajulikana saa tisa na nusu. Mahali pasipo imani linajulikana siku ya nne, au linajulikana mochwari. Semina, keki ya Siku ya Wauguzi na fulana zenye maandishi ni mambo mazuri, lakini hayaupunguzi muda huo hata kwa dakika moja. Unaoupunguza ni rosta, malipo, na jinsi unavyomtazama mtu anapokuambia "nimekosea".

Nauandika mwongozo huu kwa mainchaji, mamatroni na mapatroni, waganga wafawidhi na makatibu wa afya wa hospitali zetu za Tanzania. Mwenzetu wa Kenya au Uganda atakuta mengi yanamhusu, ila vifungu vya sheria ninavyovitaja ni vya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira. Jipe siku 90. Usijaribu kuyafanya yote katika wiki moja, kwa sababu wodi iliyozoea kuahidiwa huogopa kiongozi mwenye haraka.

Kwanza, elewa unachokijenga

Katikati ya miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi akitarajia kuona kwamba timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano mzuri hukosea dawa mara chache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Alipoangalia kwa undani akabaini kwamba zile timu zilikuwa zikisema makosa yao, na nyingine zilikuwa zikiyaficha. Kwa hiyo daftari la matukio likiwa tupu mwezi mzima, usilipeleke kwenye kikao kama sifa. Lina maana watu wanakuogopa.

Jambo la pili ni uchovu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliutambua uchovu wa kazi uliopitiliza kuwa hali inayotokana na kazi yenyewe, na likaueleza kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga au kuichukia kazi, na kujiona huna tena uwezo. Ona kwamba haukuitwa ugonjwa wa mtu. Chanzo chake kimewekwa kazini, na kazini ndiko kunakopaswa kutibiwa. Mkunga anayewajibu akina mama kwa ukali leo huenda miaka mitatu iliyopita ndiye aliyekuwa akiwashika mkono. Kabla hujamwita mkorofi, angalia rosta yake.

Hatua ya 1: Zunguka ukisikiliza, wiki mbili, bila kuahidi kitu

Kaa na kila mtumishi dakika kumi na tano, mmoja mmoja. Usimwite ofisini; mtu akiitwa ofisini moyo humwenda mbio. Mfuate kwenye chumba cha chai, au mtembee pamoja hadi famasi. Usiwaruke wahudumu wa afya, watu wa usafi, wa kufulia na walinzi. Hao huona mambo ambayo daktari hayaoni, na kwa kawaida hakuna anayewauliza.

Uliza maswali matatu tu. La kwanza: "Kitu gani hapa kinakuchosha kuliko vyote?" La pili: "Ni jambo gani uliwahi kuahidiwa hapa na halikutimizwa?" La tatu ndilo la maana zaidi: "Ukikosea usiku wa leo, utamwambia nani kwanza?" Ukisikia jina lako mara chache, usikasirike wala usijitetee. Andika.

Katika majibu hayo kutakuwa na mambo madogo ambayo hayahitaji idhini ya mtu. Taa ya njia ya kwenda mochwari imeungua. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo haufungi. Hakuna maji ya kunywa usiku. Chagua mawili, uyamalize ndani ya siku saba, kimya kimya. Usiyatangaze, watayaona wenyewe, na ndiyo mara ya kwanza watakapohisi kwamba kusema kuna faida.

Hatua ya 2: Uhesabu mzigo, usiulalamikie

"Tuko wachache" ni kauli ambayo kila mganga mfawidhi ameisikia mpaka haimgusi tena. Mletee namba.

Nafasi moja ya muuguzi inayopaswa kuwa na mtu saa 24, siku 365, ni saa 8,760 kwa mwaka. Mtumishi mmoja anayefanya saa 45 kwa wiki ana saa 2,340 kwa mwaka. Toa likizo ya siku 28, yaani wiki nne: zinabaki 2,160. Toa sikukuu, siku za kuugua na za mafunzo, tuseme siku 25 za saa saba na nusu: zinabaki kama 1,970. Gawanya 8,760 kwa 1,970. Unapata karibu watu wanne na nusu.

Soma tena hesabu hiyo. Kuwa na muuguzi *mmoja* saa zote kunahitaji watu wanne na nusu kwenye orodha. Kuwa na wawili kila zamu kunahitaji tisa. Kama una wauguzi kumi na wagonjwa arobaini, rosta yako haitatoa watatu kila zamu hata uipange kwa ustadi gani, isipokuwa kwa kuiba mapumziko ya mtu. Wengi tumekuwa tukiiba bila kujua, kwa sababu hatukuwahi kuhesabu.

Shirika la Afya Duniani lina njia kamili zaidi iitwayo WISN, ambayo huhesabu pia muda wa kila kazi: kumzalisha mama, kubadilisha kidonda, kujaza fomu za bima. Tanzania tumeitumia, na ofisi ya mganga mkuu wa mkoa ni mahali pazuri pa kuulizia msaada. Lakini usiisubiri. Hesabu ya ukurasa mmoja inatosha kuanzia. Ibandike pia ukutani wodini. Watumishi wakiona kwamba kiongozi anakiri kwa namba kuwa mzigo ni mkubwa, wanaacha kujilaumu kwa kushindwa kuubeba.

Hatua ya 3: Rosta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo imani nyingi hufia.

Anza na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, kwa makubaliano. Mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena ziwepo saa 12 za mapumziko, na kila wiki saa 24. Kwa hiyo kumpanga mtu asubuhi hadi mchana kisha naiti ya siku hiyohiyo, jambo tulilolizoea mno, kunamnyima saa zake 12. Mjamzito asipangwe usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Nimewahi kuona mkunga, mtu anayefundisha umuhimu wa maziwa ya mama siku nzima, akikamua maziwa yake sinkini kwa kukosa ruhusa ya kwenda nyumbani. Isitokee kwako.

Sasa upangaji wenyewe. Rosta itoke wiki mbili kabla ya mwezi kuanza. Weka daftari la maombi mahali wazi, kila mtu aandike siku mbili anazohitaji sana mwezi ujao: harusi, kliniki ya mtoto, mtihani wa chuo, Idi, Krismasi. Ukishindwa kumpa mtu siku aliyoomba, mwambie kwa mdomo kabla rosta haijabandikwa. Asikute ukutani.

Naiti zisizidi tatu mfululizo, na zifuatwe na ofu mbili kamili. Siku ya kushuka zamu asubuhi usiihesabu kuwa ofu. Hiyo ni siku ya kulala. Weka hesabu ya naiti, Jumapili na sikukuu za kila mtu kwa mwaka mzima kwenye jedwali moja, na lionekane na wote. Minong'ono ya "inchaji ana watu wake" hukoma lile jedwali linapobandikwa, ama kwa sababu haikuwa kweli, ama kwa sababu ilikuwa kweli na sasa huwezi kuendelea.

Kubadilishana zamu kuruhusiwe kwa sharti moja: wote wawili waandike na kusaini. Na jina lako liwemo. Inchaji anayefanya naiti moja kwa mwezi hujifunza kuhusu wodi yake mambo ambayo ripoti ya asubuhi haimwambii kamwe.

Hatua ya 4: Pesa, hata pale ambapo hazipo

Huna uwezo wa kuongeza mshahara wa mtu. Una uwezo wa kumwambia madai yake yako wapi.

Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Kwa watumishi wa umma kuna pia miongozo ya serikali kuhusu posho za kuitwa kazini na za saa za ziada. Katibu wa afya anayo, muombe nakala na uisome mbele ya wenzako. Kisha tengeneza daftari la safari ya madai: jina, mwezi, saa, tarehe yalipotoka wodini, tarehe yalipofika kwa katibu wa afya, kwa mhasibu, kwa mkurugenzi. Kila Ijumaa mtu mmoja, kwa zamu, azipitie ofisi hizo na kujaza. Mtumishi anaweza kuvumilia kusikia "yamefika kwa mhasibu, fungu halijaja". Kinachomvunja ni "tunalifanyia kazi" mwezi wa sita mfululizo.

Wenzetu wa Kenya wana somo chungu katika hili. Madaktari na serikali walitia saini makubaliano ya pamoja mwaka 2013. Yakakaa bila kutekelezwa, na tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wakaweka zana chini kwa siku 100. Viongozi wa chama chao walifungwa jela katikati ya mgomo ule. Mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, na mojawapo ya hoja kuu ilikuwa malipo ya madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo, yaliyotajwa katika makubaliano mengine yaliyosainiwa mwaka 2017, baada ya mgomo ule wa kwanza. Pesa zilikuwa sehemu ya ugomvi, lakini ukiwasikiliza utasikia neno moja linajirudia: *walisaini*. Sisi pia tuna kumbukumbu zetu za mgomo wa madaktari wa 2012. Usiahidi kitu ambacho saini yake si yako.

Hatua ya 5: Makabidhiano na majina

Hii ni fupi. Zamu zikabidhiane kando ya kitanda, si mezani, na kila mgonjwa aelezwe kwa mambo manne: ana nini, amefanyiwa nini, kinachonitia wasiwasi ni nini, na ninakuomba ufanye nini. Aliyepokea arudie kwa maneno yake. Mwisho wa mzunguko kiongozi wa zamu aulize: "Nani leo amekuja akiwa hajalala, anaumwa, au ana msiba?" Anayejibu ndiyo apewe mgonjwa aliye imara na mwenzi wa kuhakiki dawa zake.

Na watu waitane majina. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2007 na 2008, hospitali nane duniani zilishiriki, zikiwamo za London, Toronto na Seattle, na mojawapo ilikuwa ya St. Francis pale Ifakara. Kabla ya kuchanja ngozi, kila aliyemo thieta alitaja jina lake na kazi yake. Matokeo yalipojumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Orodha ile ina mambo mengi, siwezi kusema majina pekee ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Lakini muuguzi ambaye daktari bingwa amekwisha kumwita kwa jina ana ujasiri zaidi wa kusema "Dokta, gozi moja ya kufutia damu haijarudi." Ni jambo la kujivunia kwamba Ifakara imo katika historia hiyo, na ni aibu thieta zetu nyingi zikijaza karatasi ile baada ya mgonjwa kushonwa.

Hatua ya 6: Saa 24 za kwanza baada ya kosa

Siku itafika. Simu italia usiku: "Sista, kuna tatizo." Yote uliyoyajenga yatapimwa kwa maneno yako ya kwanza. Ninayoyapendekeza ni haya: "Asante kwa kuniambia mapema." Kisha: "Mgonjwa yukoje?" Kisha: "Wewe ukoje?" Kwa mpangilio huohuo.

Mgonjwa kwanza: apate huduma anayohitaji, daktari aitwe, na kilichotokea kiandikwe kwenye faili kama kilivyotokea, bila kufuta wala kurudia ukurasa. Faili lililorekebishwa ni kosa la pili, na mara nyingi ndilo linalompeleka mtu mbele ya Baraza la taaluma yake.

Mtumishi aliyehusika apumzishwe kwenye kazi ya kugawa dawa kwa zamu hiyo, asifukuzwe wodini. Aketi na mwenzake anayemwamini. Ikiwa zamu inaruhusu arudi nyumbani, asirudi peke yake. Waliowahi kukosea wanajua usiku ule ulivyo: unaiona sindano mkononi mwako kila ukifumba macho.

Ndugu wa mgonjwa waambiwe ukweli siku hiyohiyo, na wewe au daktari kiongozi, mkiwa mmeketi nao. Semeni kilichotokea, semeni pole, semeni mnachofanya sasa. Msimtupie mtumishi mdogo kazi hiyo, na msimtaje jina kama sadaka.

Kesho yake, si baada ya wiki mbili, fanyeni kikao kifupi. Swali la kwanza lisiwe "nani". Liwe "ilikuwaje ikawezekana?" Vichupa viwili vinafanana na vimekaa rafu moja? Kadi ya dawa haina jina la tatu, na kina Mwajuma wako wawili? Taa ya kona ile haiwaki? Ilikuwa naiti ya tano? Toeni badiliko moja tu, na mtu mmoja wa kulisimamia, na tarehe.

Je, nidhamu haina nafasi? Inayo. Tofautisha mambo matatu. Aliyeteleza kama yeyote angeteleza, mfariji na urekebishe mfumo. Aliyezoea njia ya mkato, mfundishe na umfuatilie. Aliyekuja amelewa, aliyeacha zamu kwa makusudi, aliyempiga mama leba, au aliyeficha ushahidi, huyo apelekwe kwenye taratibu za nidhamu, kwa haki ya kusikilizwa. Na kanuni iwe ileile kwa daktari bingwa na kwa mhudumu. Watumishi wanakubali ukali. Kinachowaua moyo ni ukali unaochagua cheo.

Jambo la kupima kila unapotaka kuandika barua: je, mtu mwingine mwenye ujuzi uleule, akiwekwa pale pale, usiku uleule, angeweza kukosea vilevile? Kama jibu ni ndiyo, barua hiyo haitamfundisha mtu chochote isipokuwa kunyamaza. Ningekuwa nimejiuliza hivyo mimi, yule mkunga wa kitanda cha nne angeniita usiku uleule.

Hatua ya 7: Mtumishi anapochomwa na sindano

Hakuna tukio linalomwonyesha mtumishi thamani yake kwa haraka kama hili. Kila mtu ajue utaratibu kwa moyo, na uwe umebandikwa juu ya kila sinki.

Osha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usitie dawa kali. Macho yakirushiwa damu, yaoshwe kwa maji mengi safi. Mwambie kiongozi wa zamu. Mgonjwa aliyehusika aombwe kupimwa, na mtumishi apimwe. Dawa kinga ya VVU, PEP, ianzwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa za mwanzo, na isipite saa 72. Inamezwa siku 28. Usisubiri asubuhi eti CTC, kliniki ya VVU, imefungwa: dozi za kuanzia ziwepo wodini au dharura, na ufunguo uwe kwa mtu aliye zamu.

Mpe takwimu zitakazomsaidia kulala. Hatari ya kupata VVU kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama watu 3 kati ya 1,000, na PEP huipunguza zaidi. Homa ya ini aina ya B ni hatari kubwa zaidi: kwa asiyechanjwa inaweza kufikia watu 30 kati ya 100. Kwa hiyo hakikisha kila aliye chini yako amepata chanjo zake tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Wahudumu wa usafi wanaobeba masanduku ya sindano ndio husahauliwa zaidi. Anza na wao.

Majibu yake ni siri. Asipimwe na rafiki, asiandikwe jina kwenye daftari la wodi. Akitaka kituo kingine, apewe usafiri. Tukio lijazwe kwenye fomu na mwajiri aliripoti kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri, hakuna senti inayokatwa kwa mtumishi, na bado wengi hawajui kwamba upo. Nakala ya fomu abaki nayo yeye.

Hatua ya 8: Ndugu wa mgonjwa anapopandisha

Nusu ya ugomvi wa wodini huanza kwa kutoambiwa. Mpange mtu mmoja kila zamu wa kutoka kila baada ya saa mbili kuzungumza na ndugu walioko nje, hata kama habari ni "bado tunaendelea". Dawa ikikosekana, karatasi ya kwenda kununua nje isipelekwe na muuguzi pekee kila mara. Matusi yote humwangukia yeye ilhali hakupanga bajeti.

Mtumishi akitukanwa au kupigwa, fika. Fika mwenyewe, kwa miguu yako. Simama kati yake na anayemtukana, muite mlinzi, mtoe mtumishi pale. Usimkosoe mbele ya wateja, hata kama alijibu vibaya. Hilo mtalizungumza baadaye, wawili. Kama kuna jeraha, jaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ripoti polisi, na mtu wa uongozi aende naye kituoni. Mwanasiasa akija na kamera kumfokea muuguzi mbele ya wagonjwa, kiongozi wa hospitali ndiye anayepaswa kujibu. Najua si rahisi. Lakini wodi nzima itakuwa ikitazama kama ulisogea mbele au ulirudi nyuma.

Hatua ya 9: Aliyechoka kupita kiasi

Dalili utaziona kabla yeye hajazisema. Aliyekuwa akiwataja wagonjwa kwa majina sasa anasema "yule wa sita". Anachelewa, analia chooni, au amenyamaza tu. Mwite faragha, mwambie ulichokiona bila kukipa jina la ugonjwa: "Mdogo wangu, wiki mbili hizi sikuoni ukila na wenzako. Kuna nini?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Akitaja kutamani kufa, au ukihisi hivyo, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani; mara nyingi humpa nafuu. Usimwache peke yake, na mfikishe kwenye kliniki ya afya ya akili siku hiyo, ikiwezekana ya hospitali nyingine, ambako hatakutana na anaowajua. Kwa wengine tiba ni nyepesi zaidi: likizo iliyolimbikizwa mwaka mzima, mwezi mmoja bila naiti, kuhamishiwa kliniki ya watoto kwa muda. Fanya hivyo bila kumwandika kuwa dhaifu.

Waangalie sana madaktari na wauguzi walio mafunzoni. Hawana wa kumlalamikia, na wengi wamefunzwa kwa kudhalilishwa kwenye raundi. Swali la kufundishia liulizwe kitandani. Karipio lipelekwe pembeni.

Vikao, masanduku na 5S

Sanduku la maoni lisilofunguliwa ni afadhali liondolewe. Kikao cha wodi kiwe cha nusu saa kwa mwezi, na kianze kwa kusoma yaliyoahidiwa mwezi uliopita na yaliyotimizwa. Hospitali nyingi tayari zina timu za kuboresha kazi zilizoletwa na 5S, njia ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, tangu majaribio ya Mbeya mwaka 2007. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Zitumie hizo kwa hoja za watumishi pia, msiishie kupaka mistari sakafuni. Na chama cha wafanyakazi, iwe TUGHE au kingine, kialikwe kabla ya mgogoro. Mwakilishi anayekunywa chai nawe mwezi wa pili atakupigia simu mwezi wa nane kabla hajaandika barua.

Siku ya 90

Rudia yale maswali matatu, safari hii kwa karatasi zisizo na majina, na msimamizi wa wodi nyingine azikusanye. Kisha chukua daftari la matukio na uhesabu, kwa kila tukio, saa zilizopita kati ya kutokea na kuambiwa kwako. Weka wastani wa mwezi wa kwanza pembeni ya wastani wa mwezi wa tatu. Idadi ya matukio ikiwa imepanda na saa zikiwa zimeshuka, uko njiani. Mweleze mganga mfawidhi mapema kwa nini idadi imepanda, asije akadhani wodi imeharibika.

Majibu yote, pamoja na yanayokusema wewe vibaya, yabandikwe chumba cha chai. Yakae pale hadi rosta ya mwezi unaofuata itoke.